Lugha Iliyoachwa Mlangoni

Kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar kwenda Lindi, unaijua Somanga. Basi linapunguza mwendo, na kabla halijasimama sawasawa madirisha yameshajaa mabeseni: samaki wa kukaanga, pweza, mihogo, korosho kwenye vifuko vya nailoni. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Kariakoo kuchukua dawa za duka langu, nikashuka pale kunyoosha miguu. Mbele yangu walisimama Wazungu wawili, kijana na msichana, wanashauriana juu ya beseni la pweza, waonje au wasionje. Nilibaki nyuma yao, hela mkononi, muuzaji ananiuliza, "Dada, nikufungie?" nami nawasikiliza wale wawili.

Walikuwa wanaongea Kijerumani. Sijui Kijerumani, rafiki yangu. Sijui hata kuomba maji kwa lugha hiyo. Lakini popote nitakapoisikia nitaitambua, kwa sababu niliisikia msimu mzima nikiwa mtoto, ndani ya nyumba yetu ya Kivinje, kinywani mwa bibi yangu, wakati hatukuwa na mtu wa kumjibu.

Basi likapiga honi, nikapanda mikono mitupu. Mpaka Lindi sikusinzia. Haya ninayokuandikia ndiyo niliyokuwa nayawaza njiani.

Bibi huyu ndiye aliyemzaa mama yangu. Mimi napata akili, yeye alikuwa ameshakuwa mtu wa Kivinje zamani: khanga kifuani, nyayo zimepasuka, uso umeungua na jua hadi ukajaa madoa kama yai la kware. Watu walimwita Bibi Mwalimu. Mgeni akiwauliza watoto wa mtaani yule Mzungu ni nani, wao walimuuliza, Mzungu yupi? Tuliishi katika nyumba ya zamani ya mawe na chokaa ambayo mama yake babu aliiacha. Babu na bibi walilala chumba cha mbele, mimi na mama chumba cha pili. Baba alikuwa dereva wa malori na alikuja nyumbani kama mgeni, akaacha zawadi akaondoka.

Asubuhi zetu zilianza na moshi wa kuni za mkorosho na harufu ya vitumbua vya jirani, mama mmoja mnene mwenye kicheko, ambaye ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kupepeta mchele. Kazi ya bibi ilikuwa kukuna nazi, na hakumruhusu mtu mwingine aiguse. Alikaa juu ya mbuzi, akakunja khanga magotini, akaanza, na kadiri alivyokuna ndivyo alivyosema maneno fulani kwa sauti ya chini, yenye mwendo wake: mkono mmoja mrefu, miwili mifupi, mmoja mrefu, miwili mifupi. Nazi yenyewe ilikunwa kwa mwendo huo. Sisi wajukuu tulilala na kuamka na maneno yale, tukayashika kama watoto wanavyoshika nyimbo za kurukia kamba, bila kujua maana.

Yalikuwa mashairi ya Kigiriki cha kale. Huko kwao bibi alikuwa msomi wa chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa Kigiriki na Kilatini, lugha za watu waliokufa zamani mno. Siku moja tunachambua kisamvu nilimuuliza alikuwa anafanya nini hasa huko.

"Washairi wangu walikufa," alisema, "na mashairi yao yakafa nusu. Mengine yaliliwa na panya, mengine yaliungua, mengine watu walifungia bidhaa. Mimi nilikuwa naletewa kipande kilichobaki. Neno moja hapa, matatu pale. Nakaa nacho mpaka nijue aliyesema alikuwa anaomba, au anacheka, au anamtukana mtu."

"Na kama huwezi kujua?"

"Unaandika kwamba hujui. Hiyo nayo ni kazi."

Alipenda maneno kama wengine wanavyopenda vyakula. Sokoni alichelewa kwa sababu ya kuuliza. Kwa nini samaki anaparwa na mbao inaparwa, ila mhogo unamenywa? Wauza samaki walimcheka, halafu wakaanza kubishana wenyewe, naye akasikiliza kikapu kikiwa kichwani. Msimu wa ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha na kula kwa chumvi na pilipili, alikuwa akilitaja jina lake taratibu kabla hajauma, kana kwamba ladha ilianzia kwenye jina. Zamani, kabla sijazaliwa, alifundisha kina mama kusoma na kuandika katika madarasa ya watu wazima. Jirani yetu wa vitumbua alikuwa mmoja wao, na ndiyo maana bibi aliitwa Mwalimu mpaka kufa kwake.

Kitu kimoja hakukifanya kamwe ndani ya nyumba ile. Hakusema Kijerumani. Hakumfundisha mama yangu, wala wajomba zangu, wala sisi. Nilikua nikidhani amekisahau, au kwamba lugha ya Wajerumani ndiyo ile ya kukunia nazi. Mama ndiye aliyenieleza, nami nakueleza kama alivyonieleza.

Babu alikwenda Ujerumani akiwa kijana kusomea mitambo ya umeme. Jioni wageni kama yeye walifundishwa Kijerumani, na mwalimu wao alikuwa bibi. Babu alikuwa akisema kwamba alijifanya mjinga makusudi ili masomo yasiishe. Yakaishia kwenye ndoa. Bibi akasilimu, akafunga vitabu vichache kwenye sanduku, akamfuata mumewe Kivinje.

Nyumbani aliwapokea mama yake babu, ambaye wote walimwita Bi Mkubwa. Bi Mkubwa alikuwa mtu wa Njinjo kwa asili. Baba yake alikuwa mmoja wa watu walioletwa kutoka bara wakanyongwa palepale Kivinje na Wajerumani, wakati wa Vita vya Majimaji, yeye mwenyewe akiwa bado tumboni. Alimpokea mkwe wake kwa maji ya kunawa na wali wa nazi. Walipomaliza kula alisema maneno, na babu akamtafsiria mkewe.

Bibi alisikiliza, kisha akamwambia mumewe, "Mama amesema maneno mengi kuliko uliyonipa. Nipe yote."

Babu akatazama chini. Akampa yote. Bi Mkubwa alikuwa amesema hivi: "Mwanangu, umefika kwako. Kula, lala, zaa. Ila lugha yenu ibaki nje ya mlango huu. Baba yangu alisomewa hukumu yake kwa lugha hiyo. Hakujua anaambiwa nini mpaka alipoiona kamba."

Bibi alikuwa na Kiswahili cha kubahatisha, alichofundishwa na babu melini. Akakitumia chote. "Nimesikia, mama. Itabaki nje."

Na ilibaki. Bi Mkubwa alikufa kabla mimi sijazaliwa, lakini bibi hakubadili neno lake. Watu wakisikia habari hii huwa wanamlaumu Bi Mkubwa. Mimi nimejaribu nikashindwa. Sijui ningesema nini ningekuwa yeye.

Walichofanya babu na bibi ni kwenda shamba. Kila Ijumaa baada ya swala, babu alichukua panga, bibi akachukua kikapu, wakaelekea kwenye mikorosho yetu, na hawakutaka mtoto awafuate. Tulidhani wanakwenda kulima. Mikorosho ile iliota magugu kuliko yote ya Kivinje. Walirudi jua limepungua nguvu, nyuso zimechangamka, bibi akiwa na mabibo machache kikapuni kwa kuona haya. Sasa najua walikwenda kuzungumza.

Aliyelinda agizo la Bi Mkubwa kuliko Bi Mkubwa mwenyewe alikuwa binti yake, dada mkubwa wa babu. Huyu aliolewa Njinjo, kwa hiyo tulimwita Bibi wa Njinjo. Alikuja kila mwaka baada ya mavuno na gunia la ufuta na mtama, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kikohozi kifupi alichokitoa kabla ya kuingia mahali popote. Bibi alitoka kumpokea mzigo.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba," alijibu Bibi wa Njinjo, macho kwenye gunia.

Sikuwahi kumsikia akimtaja bibi kwa jina. Alisema "mke wa mdogo wangu". Na kila safari, akishakaa kwenye mkeka akapewa maji, alituita watoto mmoja mmoja akatuuliza, "Hajawafundisha?" Tukasema hapana, bibi. Hapo ndipo alipokunywa maji yake.

Nikiwa darasa la tatu alikuja mgeni. Alikuwa Mzungu wa makamo, amevaa kofia ya nguo, amelowa jasho, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa bibi. Alifika barazani akamwona, akaanza kusema kwa haraka akiwa amefungua mikono. Bibi aliinua kiganja kumzuia, akaonyesha kizingiti cha mlango, akasema kitu kifupi. Mgeni alicheka. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki, akavua kofia. Wakakaa barazani wakaanza kuzungumza pole pole, mgeni akijikwaa, bibi akimsahihisha.

"Wanasema nini?" nilimnong'oneza babu.

"Wanasema Kilatini," babu akanijibu. "Hakijakatazwa."

Mgeni alikuwa ameleta kitabu kinene. Ilikuwa kazi ambayo bibi aliiacha nusu alipoondoka, na yule bwana aliimaliza kwa miaka mingi, akaweka jina la mwalimu wake mbele ya lake. Kwa mujibu wa babu, huko kwao vijana wanaosoma mambo hayo hawawezi kumaliza masomo bila kukifungua. Bibi alikipekua taratibu, akasimama kwenye ukurasa mmoja, akaniagiza kalamu yangu ya shule. Akasahihisha alama moja ndogo juu ya herufi. Mgeni aliinama akatazama, akalifunika paji la uso kwa mkono, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu sikuona tena kama bado anacheka.

Kabla hajaondoka, kama babu alivyonieleza baadaye, alimwomba bibi arudi Ujerumani. Alimwambia kuna mahali pa kuishi na watu wa kuongea nao. Bibi alimshika mkono kwa mikono yake miwili akatikisa kichwa. Gari lilipoondoka alibaki barazani, kitabu kimefungwa mapajani, na chakula cha jioni hakukigusa. Nilikwenda kukaa karibu naye.

"Bibi, unaumwa?"

"Nimechoka na Kilatini," alisema.

Babu alikufa msimu wa mabibo, presha, ghafla, asubuhi akiwa anafunga viatu. Bibi alikaa eda, kimya, ndani ya nguo nyeupe. Eda ilipokwisha, Ijumaa ya kwanza akachukua kikapu akaenda shamba peke yake. Mama alinituma nimpelekee maji aliyoyasahau. Nilimkuta amekaa kwenye gogo chini ya mikorosho, anaongea. Alisema kidogo, akanyamaza muda wa mtu kujibu, akasema tena. Niliweka chupa ya maji chini nikarudi nyumbani, nikamwambia mama nimempa.

Baada ya hapo maneno yakaanza kumponyoka. Mwanzoni tulicheka naye. Aliuita ungo "sahani ya upepo", na sisi tukauita hivyo hivyo kwa muda. Halafu akapoteza jina la chumvi, la mlango, la siku. Yeye ambaye aliwafanya wauza samaki wabishane, sasa alisimama jikoni akionyesha kwa kidole, uso umejaa aibu, mama akimtajia vitu kimoja kimoja, "Sufuria? Mwiko? Chungu?" mpaka apate.

Asubuhi moja alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mkono ulisimama. Akamgeukia mama akamwambia jambo, sentensi nzima, ndefu, kwa lugha ambayo kuta zile hazikuwahi kuisikia tangu Bi Mkubwa alipoikataza. Mama aliacha kuchochea moto. Bibi naye alisikia alichosema. Akakifunika kinywa chake kwa kiganja, kiganja chenye nazi, akabaki vilevile akitutazama.

Kiswahili kiliondoka chote ndani ya miezi michache. Kilichobaki ni sala, ambazo midomo yake iliendelea kuzijua, na Kijerumani. Akawa mtu wa kitandani. Alisema mengi, na kila mara alipoanza aliinua kiganja akakifunika kinywa, akasemea humo humo ndani ya kiganja. Kulikuwa na maneno aliyoyarudia kuliko mengine, daima kwa mpangilio ule ule, nasi tukayajua kwa sauti kama tulivyojua mashairi ya nazi. Mama alimletea maji, alikataa. Uji, alikataa. Alimgeuza upande, alimfunika, alimfunua. Jirani wa vitumbua alikuja kila siku kumwogesha, akachoma ubani, akaleta mwalimu wa madrasa kumsomea. Alitulia kisomo kikiendelea. Kilipokwisha akaanza tena yale yale.

"Mama, unataka nini?" mama yangu alimuuliza mchana mmoja, akiwa amepiga magoti. "Nionyeshe tu. Nionyeshe kwa kidole."

Bibi alimtazama kwa upole mkubwa, kama unavyomtazama mtoto wa mtu usiyemjua.

Habari zilifika Njinjo. Sijui nani alizibeba. Siku moja nilikuwa uani napepeta, nikasikia kile kikohozi kifupi mlangoni. Haukuwa msimu wake wa kuja, wala hakuwa na gunia.

"Ni kweli?" alimuuliza mama hata kabla ya kukaa. "Lugha ile inasemwa nyumbani kwa mama yangu?"

"Shangazi, ni mgonjwa. Hana nyingine."

"Mgonjwa husema ah na uh."

Alikataa kulala chumba cha karibu na bibi. Akatandika mkeka wake upande wa pili wa uani, na kutwa nzima alitembea huko na huko akifagia palipofagiwa, akikohoa. Chumbani, kila kikohozi kiliposikika, bibi alizidi kurudia maneno yake.

Wakati huo mama alikuwa ameshatuma salamu kwenye misheni moja upande wa Lindi, kwamba kama kuna mtu yeyote anayejua Kijerumani, kwa hisani yake, aje. Akaja sista mmoja mzee, Mmwera, mfupi, aliyelelewa na masista wa Kijerumani tangu usichana. Alishuka kwenye lori la chumvi akiwa na mfuko wa machungwa. Mama alimpeleka moja kwa moja kwa mgonjwa. Nilisimama mlangoni.

Sista aliinamisha kichwa karibu na kile kiganja. Akasikiliza muda mrefu. Akauliza kitu kwa Kijerumani, na bibi, baada ya miezi yote ile, akajibiwa na akajibu. Nilimwona mama akishika ukuta.

"Anaomba nini?" mama aliuliza. "Maumivu?"

"Hana maumivu," alisema sista. "Anaongea na mama mkwe wake. Anasema hivi: Mama, nisamehe. Ile nyingine imenipotea. Sina iliyobaki ila hii."

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nimemwambia mkwe wake alikufa siku nyingi," sista akaendelea. "Hakubali. Anasema anamsikia. Anasema yuko hapo uani anatembea na kukohoa, na hataki kuingia."

Sote tukageuka. Bibi wa Njinjo alikuwa amesimama nyuma yangu, ufagio mkononi. Alikuwa amesikia yote. Alirudi kwenye mkeka wake akakaa, akatugeuzia mgongo. Mama alimfuata akapiga magoti mbele yake.

"Shangazi. Sauti yako ni ya Bi Mkubwa. Ingia umwambie amesamehewa."

"Nimwambie kwa lugha gani? Si mnasema ya kwetu haisikii tena?"

Jibu walikuwa wanalijua wote wawili.

"Usiniombe hilo," alisema Bibi wa Njinjo. "Lolote lingine niombe."

Siku hiyo ikapita hivyo. Asubuhi iliyofuata sista alikuwa jikoni kwetu anamenya chungwa, anajiandaa kuondoka. Bibi wa Njinjo akaja akakaa kwenye kigoda mkabala naye. Hakumsalimia. Alisema, "Kwao, mtu akitaka kumwambia mwenziwe, 'Nimekusamehe, sema,' anasemaje?"

Sista aliweka chungwa chini. Akamtamkia pole pole. Bibi wa Njinjo akajaribu. Meno yake yalikuwa machache na maneno yalimkwama kooni, akakunja uso kama anayemeza dawa. Sista akarudia, naye akarudia. Nilikuwa nachochea moto, nikaona mikono yake imeshika ukingo wa kigoda hadi vifundo vimepauka. Alijaribu tena na tena mpaka sista akaitikia kwa kichwa.

Aliingia chumbani bila viatu. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akakohoa kile kikohozi chake, akayasema. Yalikuwa maneno machache tu. Sitayaandika, maana nitayakosea.

Bibi alimtazama. Kiganja kikashuka kutoka kinywani, pole pole, kikalala juu ya shuka. Akaanza kusema. Rafiki yangu, sijawahi kumsikia mtu akisema vile. Alisema asubuhi yote, sauti ikiwa wazi, mara anacheka, mara anainua mkono kuonyesha kitu cha mbali, mara anashusha sauti kama mtu anayesimulia siri za wakubwa. Bibi wa Njinjo alikaa pale pale akimwitikia, "Naam. Ehe. Kumbe. Naam," kama tunavyomwitikia mtu anayetoka safari. Hakuelewa neno hata moja. Sista alijaribu kutafsiri. "Anasema walikuwa na nyumba karibu na mto..."

"Mwache," Bibi wa Njinjo alimkatiza bila kugeuka. "Hasemi na wewe."

Sista akatoka nje, akakaa kwenye kinu, akalia na chungwa lake mkononi. Baadaye mama alimuuliza sista, bibi alisema nini asubuhi ile. Sista alijibu kwamba hayakuwa maneno yake, hawezi kuyabeba, akapanda gari akaenda zake.

Bibi wa Njinjo hakurudi kwao. Alihamishia mkeka chumbani. Alijifunza kumlisha uji, kumkata kucha, na kila bibi alipoinua kiganja yeye alikishusha akayasema yale maneno yake machache kwa matamshi yake ya Njinjo. Ilipita mvua moja hivi, bibi akafa mchana, wifi yake amemshika mguu. Kulikuwa na mabishano madogo azikwe wapi, na Bibi wa Njinjo akayamaliza. Akasema atalala ubavuni mwa Bi Mkubwa, na anayepinga aje aongee naye. Hakuna aliyekwenda.

Tulipokuwa tunakunja mikeka ya matanga nilimuuliza kama ilimuuma kusema lugha ile. Aliendelea kukunja.

"Iliniuma," alisema. "Inaniuma hata sasa. Lakini mzee wetu alikufa akiambiwa maneno asiyoyajua, na wote waliosimama pale waliona sawa. Mimi nisingeweza kusimama pale nikaona sawa."

Hakuna kilichobaki cha mambo hayo. Bibi wa Njinjo alikufa, sista alikufa, jirani wa vitumbua aliugua miguu akahamia kwa mwanawe. Kile kitabu kinene mchwa walikila kutoka katikati, tukakuta majalada mawili na vumbi. Paa la nyumba lilianguka kwenye mvua za juzijuzi na wajomba wameuza kiwanja. Mikorosho ilikatwa mkaa. Miaka michache iliyopita dada mmoja alinipigia simu kutoka Ujerumani, anaandika habari za wasomi wa kike wa zamani, akaniuliza kama bibi aliacha karatasi zozote, au wanafunzi, au jambo lolote alilosema juu ya maisha yake. Nilimwambia alisema mengi asubuhi moja na hatukuelewa. Akanishukuru, na hatukuzungumza tena.

Mama yangu sasa ni mzee, nakaa naye Lindi. Ameanza kusahau. Usoni nayaona yale niliyoyaona nikiwa mtoto, na ninayaogopa. Lakini anachosahau anakisahau kwa Kiswahili, na anachouliza anakiuliza kwa Kiswahili. Jana kutwa aliniuliza kama mvua imenyesha Kivinje. Niliacha wateja dukani nikaenda kumjibu kwamba imenyesha. Akasema, ahsante mwanangu. Punde akauliza tena, nikaenda tena.